Sinia na Sahani

Kwenye ukuta wa kliniki ninayohudhuria pamebandikwa picha ya sahani. Nusu yake ni mboga za majani, robo ni wali au ugali, robo iliyobaki ni samaki au maharage. Muuguzi huigusa kwa kalamu kila anapotufundisha, nasi wagonjwa, wengi wetu akina mama wa makamo pamoja na wazee wawili watatu walioletwa na watoto wao, tunaitikia kwa vichwa. Ni picha nzuri, haina ubishi. Ilinichukua muda mrefu kutambua kwamba kilichokuwa kikinitatiza humo hakikuwa mboga wala ugali, bali sahani yenyewe. Nyumbani kwangu hakuna sahani ya mtu. Kuna sinia.

Mimi ni mtu wa Tanga, nimezaliwa Ngamiani na kuolewa mitaa michache kutoka hapo, na tangu nipate fahamu chakula cha mchana kimekuwa kikipakuliwa mahali pamoja na watu kukizunguka. Wali unatandazwa, mchuzi unamwagiwa upande mmoja, samaki anachambuliwa na mkono wa mkubwa na minofu kusogezwa mbele ya wadogo. Katika chakula cha namna hiyo, nusu ni ipi? Robo yangu inaanzia wapi, na ya mkwe wangu inaishia wapi? Nilijaribu kuhesabu matonge, nikaacha. Mtu anayehesabu matonge yake mbele ya wenzake hubadilika macho, na wenzake huona, wakahisi kwamba nao wanahesabiwa.

Niliambiwa nina sukari nilipokwenda kuulizia macho yaliyokuwa yakinifanyia ukungu. Sukari ya asubuhi, kabla ya kula chochote, ikipimwa ikafika 7 au kuzidi, na ikirudiwa siku nyingine ikakutwa hukohuko, daktari hana tena la kuzungusha. Nilipewa metformini na kuambiwa niimeze pamoja na chakula kwa kuwa huchafua tumbo mwanzoni, na kweli ililichafua langu, kisha likazoea. Vidonge havikunipa taabu ya moyo. Kidonge ni changu peke yangu: nakimeza, nateremshia maji, basi. Chakula ndicho ambacho hakijawahi kuwa changu peke yangu, na mpishi wa nyumba ni mimi.

Kwa muda nilipika sufuria mbili. Moja ya watu, yenye wali wa nazi au muhogo na mchuzi wa tui zito. Nyingine ndogo, yangu, yenye ugali wa dona na mchicha uliochemshwa tu. Nilidhani ninawatendea wema. Sikutaka maradhi yangu yamguse mtu, nilitaka kuyabeba kimyakimya jinsi nilivyomwona mama akibeba yake. Nikawa nakula kwa bakuli, nimeegemea ukuta, wao wamelizunguka sinia. Mjukuu wangu akauliza bibi amefanya nini mpaka akatengwa. Watu walicheka, nami nilicheka, lakini swali lile limekaa nami kuliko mafundisho mengi ya kliniki. Na hata huo ugali wa dona nilikuwa nimeupa sifa kuzidi haki yake. Mtaani husemwa kwamba dona haina sukari. Ni kweli kwamba ganda na kiini cha mahindi yasiyokobolewa huufanya wanga uingie damuni taratibu kidogo, lakini wanga ni wanga, na bonge la dona lilipandisha sukari yangu bila kunistahi. Nilikuwa nimejitoa mkekani kwa ajili ya chakula ambacho, kwa wingi ule niliokila, wala hakikuwa dawa.

Nikageuza. Ikawa sufuria moja ya watu wote, ila yenye sheria zangu. Hoja niliyokuwa nayo ilikuwa na nguvu, na mpaka sasa sijaona ikivunjika. Sukari ya aina ya pili hutembea katika koo. Mama yangu alikuwa nayo, mdogo wake alikuwa nayo, mimi ninayo. Mtoto ambaye mzazi wake anaumwa yuko karibu nayo zaidi ya mwingine, na unene na kukaa kutwa bila kutembea humsogeza karibu zaidi. Mwanangu wa kwanza ni dereva, na tumbo limeanza kumtangulia. Kwa nini nisipike kwa ajili yake kabla hajaandikiwa kadi kama yangu?

Basi tui likapunguzwa, chai ikanywewa bila sukari, mahamri yakawa ya Ijumaa tu. Hakuna aliyenipinga. Wangenipingaje, na mimi ndiye mgonjwa? Hapo ndipo penye jambo ninaloligeuzageuza hadi leo. Mgonjwa ana enzi yake ndani ya nyumba, na si rahisi kwake kujua ni lini anaomba na ni lini anaamrisha. Mume wangu amepita miaka sabini, mwembamba, amepimwa na hana sukari, naye alikuwa akinywa chai ile isiyo na ladha bila kukunja uso. Mkwe wangu alikuwa ananyonyesha. Nikaja kujua kwamba alikuwa akinunua vitumbua kwa jirani na kuvila hukohuko barazani kabla ya kurudi ndani. Sikumwambia neno. Kliniki hutuonya sisi wagonjwa tusile kwa kujificha, kumbe kwangu waliokuwa wakijificha ni wazima, tena kwa kunihurumia.

Binti yangu aliwahi kunisomea habari za watoto waliougua sukari kabla insulini haijapatikana. Ile yao ni aina nyingine, mwili hautengenezi insulini kabisa, si kama wangu ambao unayo lakini hauisikilizi. Tiba pekee ya siku hizo, aliyoipigania daktari Frederick Allen kule Marekani, ilikuwa kumnyima mtoto chakula hadi karibu na kufa njaa, ili aishi mwezi mwingine, pengine mwaka. Alikuwapo msichana mmoja, Elizabeth Hughes, binti wa waziri wa mambo ya nje wa nchi hiyo, aliyegunduliwa mwaka 1919 akiwa na miaka 11. Alipofikishwa kwa Frederick Banting mjini Toronto Agosti 1922, mwaka mmoja tu baada ya Banting na Charles Best kuipata insulini, alikuwa na miaka 15 hivi na uzito wa kilo 20. Akadungwa, akala, akanenepa, akaolewa, akaishi hadi 1981. Binti yangu alistaajabia dawa. Mimi mawazo yalibaki kwenye meza ya nyumba ile kabla ya dawa kuja. Wengine walikuwa wakila nini, na walikilia wapi? Mama yake alishusha chakula kooni vipi, akijua mtoto yuko chumba cha pili na kipande chake kilichopimwa kwa mizani? Yeye hakuwa na njia nyingine. Mimi ninazo njia nyingi, na huenda wingi huo ndio unaonichosha.

Kilichonilegeza kidogo ni asubuhi. Nililala na sukari ya 6, sikugusa chochote usiku kucha, nikaamka nayo imepita 8. Nilidhani mashine imeharibika, kisha nikadhani nimesahau nilichokula. Muuguzi akanieleza, kwa utulivu wa mtu aliyelieleza jambo hilo kwa wengi kabla yangu, kwamba ini lina akiba yake ya sukari, na kuelekea alfajiri mwili hujiandaa kuamka kwa kuamuru ini liimwage damuni. Kwa mtu mwenye afya insulini huipokea na kuitawanya. Kwa mtu kama mimi hubaki inazunguka. Homa huipandisha, kukosa usingizi huipandisha, kugombana na mtu huipandisha. Nilikaa na maelezo hayo siku nyingi. Nyumba nzima nilikuwa nimeishika shingo kwa sababu ya sinia, na kumbe sehemu ya habari ilikuwa ikitungwa gizani, ndani ya mwili wangu mwenyewe, wakati masufuria yote yameoshwa na kufunikwa.

Stripu za kupimia ni ghali, mtu hachomi kidole kila anapotaka kujua. Nikaanza kuzitumia kwa kuuliza swali moja moja. Napima kabla ya mlo, napima tena saa mbili baadaye, nione chakula hiki hasa kimenifanya nini, kwa kuwa daktari alinitaka nisizidi 10 wakati huo. Ndivyo nilivyojua kwamba uji wa asubuhi, niliouamini tangu utotoni, hunipandisha kuliko wali wa mchana, na kwamba mbaazi hazina ugomvi nami. Nikila mboga na samaki kwanza, wali mwishoni, kiasi kilekile cha wali huja na namba ndogo zaidi. Nikimaliza kula nikatoka kutembea hadi sokoni na kurudi, misuli huichukua sukari yenyewe bila kusubiri sana insulini. Hata kiporo kina lake: wali uliolala ukapoa, sehemu ya wanga wake hugeuka ikawa ngumu kusagika, kwa hiyo hupandisha kidogo pungufu ya wali wa moto. Kidogo tu, nisije nikaonekana ninahubiri kiporo. Lakini nilifurahi kwa ajili ya mama, ambaye alikipenda kiporo na chai, na ambaye tulikuwa tukimwambia kila asubuhi kwamba kinamuua.

Kipimo cha kidole ni cha saa ile. Kile cha miezi mitatu ni kingine, huangalia sukari iliyogandamana na chembe nyekundu za damu, ambazo huishi siku 120 hivi. Hakijali kwamba jana nilijizuia kwa ajili ya kliniki ya leo. Nilikuwa nikikiogopa, na bado sijakizoea vizuri, ila nimeanza kukiona kuwa kinatenda haki: shughuli moja ya harusi haikiharibu, na wiki moja ya kufunga mdomo haikitengenezi.

Kwa hiyo sufuria ikabaki moja, sheria zikapungua, na badala yake nikabadilisha mpangilio wa sinia. Mboga, ambazo kwetu zilikuwa pembeni na chache, zikapewa nafasi, zikapikwa kwa tui jepesi na ndimu ili watu wazitake. Mimi nikajipangia kukaa upande wake. Wali upo, wa nazi, na anayeutaka anaufikia. Mume wangu amerudishiwa sukari yake ya chai, kwenye kopo dogo lililo mbele yake. Mkwe anakula vitumbua vyake ndani, mbele yangu, na siku nyingine hunimegea kipande nikakila. Sidai kwamba nimepata dawa. Kuna miezi namba zimekuwa nzuri na kuna miezi zimeniangusha, nami siwezi kusema kwa hakika ni mpangilio ulioleta lipi.

Lipo na la adabu. Kwetu mwenyeji haondoi mkono siniani mgeni akiwa bado anakula, maana mgeni ataona haya naye ataacha na njaa yake. Zamani nilikuwa nikila ili mgeni ale. Sasa nimejifunza kuchambua miiba. Nachukua kichwa cha samaki, nakifanyia kazi taratibu, mkono unakwenda na kurudi, mazungumzo yanaendelea, mgeni anashiba kwa amani. Mtu akinitazama sana atagundua kwamba sijala tonge kwa muda mrefu. Je, ni udanganyifu huo? Nimejiuliza. Naona ni aina ya heshima, lakini sina hakika, kwa kuwa lengo langu wakati mwingine ni mgeni na wakati mwingine ni kujificha tu.

Kwenye shughuli za watu mambo ni magumu zaidi. Ukiwa kimya unapakuliwa pilau na haluwa na kuambiwa kidogo hakidhuru. Ukisema wazi kwamba una sukari, basi shughuli inageuka baraza la tiba: mdalasini, mlonge, majani ya mwarobaini, maji ya bamia yaliyolala, shangazi wa fulani aliyepona kabisa na kutupa vidonge. Siwacheki. Mlonge ni mboga, naupika na kuula. Lakini namjua jirani aliyeacha vidonge vyake kwa sababu ya chupa ya majani, akaletwa hospitali hajitambui, na tangu hapo nikisikia neno la kutupa dawa najikuta nimekuwa mkali, na ukali katika shughuli ya mtu haupendezi. Shoga yangu mmoja alinishauri niseme tu nimeshiba. Nimelijaribu. Hakuna anayeamini kwamba mtu ameshiba kabla ya pilau kuja.

Zamani niliyaona maradhi haya kuwa ya mtu mmoja, lakini miguu imenikatalia. Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, nyayo zikafa ganzi, mtu akakanyaga kitu chenye ncha na asijue hadi kidonda kimekwenda mbali. Tunaambiwa tukague miguu kila siku, mpaka katikati ya vidole. Mimi nyayo zangu sizioni tena vizuri, mgongo hauinami na macho hayafiki. Huitazama mjukuu yuleyule aliyeuliza kwa nini nimetengwa. Ananiamuru ninyooshe, anamulika kwa simu, anatoa ripoti yake. Mara moja aliona mchubuko wa kandambili ambao sikuusikia kabisa. Ningeipata wapi kazi hiyo kwenye bakuli langu la pembeni?

Ramadhani sijaimaliza moyoni. Mgonjwa ameruhusiwa kula, Suratul Baqara imelisema wazi, na asiyetarajia kupona atalisha maskini. Masheikh wengi hufundisha kwamba kuchoma kidole hakuvunji funga, na madaktari hutuambia tufungulie papo hapo sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda kupita 16.6, iwe imebaki saa au dakika. Yote nayajua. Mwaka mmoja, nikiwa nimeongezewa glibenklamaidi, ambayo hushusha sukari hata tumboni kukiwa hakuna kitu, nilifunga kwa ukaidi bila kumuuliza daktari anipangie upya saa za dawa. Adhana ya magharibi ikiwa haiko mbali, jikoni, nikaloa jasho, mikono ikatetemeka, na nikawa sikumbuki nilichokuwa nakikoroga. Mashine ikasema 3.4. Mkwe wangu hakuniuliza maoni. Alikoroga vijiko vitatu vikubwa vya sukari kwenye maji, akasimama mbele yangu mpaka nikamaliza, akaangalia saa, na baada ya dakika kumi na tano akanichoma kidole mwenyewe.

Tangu hapo nimekuwa nikitoa fidia. Napika futari, nakaa nayo pamoja na waliofunga, na tende inapopita mbele yangu nasita kuichukua, na si kwa ajili ya sukari iliyomo. Mume wangu husema funga yangu ni huko jikoni. Nashukuru kwa maneno yake, ila sijui kama ni kweli au ni upole wake. Wapo ninaowajua wenye sukari wanaofunga salama, kwa mpango wa daktari, na wapo waliofunga wakalazwa. Mimi nimebadilishiwa dawa, ile ya kushusha imeondolewa, na jambo limerudi kuwa swali.

Shaabani imeingia. Nina kliniki wiki ijayo, nami nataka kuuliza mapema. Mwanangu amekubali kunipeleka kwa gari lake. Nimemwambia kwamba kupima sukari ni tone la damu na foleni ni moja, akasema atanisubiri nje, kuegesha pale ni shida. Sikumshika shingo; nilikwisha kuona shingo zinavyojibu. Jana mkwe wangu, akikuna nazi ya kujaribia, aliuliza futari ya mwaka huu tuipike kwa tui la kwanza au la pili. Nimemwambia akamue yote mawili, ayaweke mbalimbali, tutaona.